Bahasha na Ukoo wa Waziri

Bahasha alipata ukoo siku ya Jumanne, kwa kinyozi, akiwa hajautafuta. Alikuwa kwenye benchi akisubiri zamu yake, gazeti mapajani, na kwenye gazeti kulikuwa na picha tatu za watu wakubwa. Wa kwanza alikuwa Waziri mpya wa Ardhi. Wa pili, daktari bingwa wa moyo aliyekuwa amevishwa nishani. Wa tatu, golikipa mstaafu aliyefungua hoteli. Hawakuwa na lolote la kuwaunganisha isipokuwa majina yao ya ukoo, ambayo yalianza pamoja, yakaenda pamoja, kisha yakaachana mwishoni kabisa, kama watu waliogombana mlangoni.

"Hawa baba yao mmoja," kinyozi alisema, akichungulia gazeti huku mashine ikiendelea kunguruma juu ya kichwa cha askari.

"Mmoja wapi? Hebu tazama pua," askari alijibu. Kichwa chake kwa wakati huo kilikuwa nusu msitu, nusu uwanja.

"Pua si hoja. Mimi na kaka yangu pua zetu hazisalimiani."

"Basi waulize wenyewe."

"Nitawauliza wapi? Mtu akishapata gari la vioo vyeusi, undugu unabaki nje."

Bahasha alikuwa ameinua macho, na macho yake yamegota upande wa pili wa barabara, juu ya duka la magodoro. Bango la duka lile lilikuwa limepauka kwa jua, lakini jina la ukoo la mwenye duka lilisomeka bado, na jina lenyewe lilikaa katikati ya lile la Waziri na lile la daktari, likaenea kabisa. Bahasha alikuwa amepita chini ya bango lile miaka miwili bila kulisoma. Akafunga gazeti, akaondoka bila kunyolewa.

Aliitwa Bahasha kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila bahasha ya kaki kwapani. Ndani yake mara nyingi hamkuwa na kitu. Lakini aligundua mapema maishani kwamba mtu mwenye bahasha ya kaki haulizwi anakwenda wapi. Hufunguliwa mlango na kuombwa radhi kwa kucheleweshwa. Kwa bahasha ile alikuwa ameshauza viwanja vya watu walioko safarini, na vyeti vya vyuo ambavyo hata msingi havijachimbiwa.

Duniani alipenda vitu viwili: pikapu yake, na kutokuwa na ndugu. Si kwamba hakuzaliwa nao. Alizaliwa nao kama kila mtu, tena wengi: wa kuumwa, wa kufiwa, wa kuozesha, wa kukwama stendi bila nauli. Siku moja akabadili namba ya simu, akahamia mji mwingine, akapanga chumba na sebule ghorofa ya nne, na tangu siku hiyo hakuna aliyembishia hodi. Alasiri alijilaza kwenye kochi lake akisikiliza ukimya kama wenzake wanavyosikiliza muziki. Mtu angemtaka atoe pikapu abakishe ukimya, angeomba muda wa kufikiri. Angetakiwa atoe ukimya abakishe pikapu, angekataa pale pale.

Na mtu huyo ndiye aliyeamua kuuza undugu. Usicheke. Muuza miwani si lazima awe haoni.

Siku tatu alijifungia akichora mti wa ukoo. Alichukua karatasi kubwa, akaiosha kwa chai ya rangi, akaianika dirishani, akaikunja na kuikunjua mpaka ikazeeka miaka sabini kwa mchana mmoja. Juu aliweka babu mwanzilishi, mtu wa heshima aliyezaliwa kichwani mwa Bahasha siku ya Jumatano saa nne asubuhi. Babu akapata wana watatu. Wa pili akamzaa baba yake Waziri. Wa tatu akazaa tawi la daktari na golikipa, pamoja na tawi la watu wa magodoro. Wa kwanza, yaani nyumba ya kwanza, nyumba ya wakubwa wa ukoo, akamzaa mtu aliyemzaa Bahasha mwenyewe.

Hapo palitaka akili. Nani atamsikiliza mjumbe aliyetoka nyumba ya mwisho? Mtoto wa nyumba ya mwisho hutumwa kuita watu. Wa nyumba ya kwanza ndiye anayesema na kusikilizwa. Bahasha akajipandisha cheo kwa mstari mmoja wa wino, akaridhika sana. Kwa jumla aliandika watu sitini na wawili. Chini kabisa akaweka alama ya dole gumba la babu, na ili lionekane dole la mtu mkubwa kweli, akatumia la mguu.

Mama Magodoro alikuwa ameketi juu ya kigoda kirefu katikati ya duka, kanda ya kupimia shingoni, akimfokea kibarua aliyekata sponji vibaya. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye macho madogo yasiyokuwa na haraka. Bahasha aliingia, akavua kofia, akasimama mbele yake kimya mpaka kufoka kukaisha. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyetembea mbali:

"Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Shangazi yako kwa upande gani?"

"Kwa upande wa damu."

Akafungua bahasha. Mti ukatandazwa juu ya godoro la tano kwa sita. Bahasha akaeleza. Alieleza jinsi makarani wa zamani walivyoandika majina ya watu kila mmoja alivyojisikia, huyu akiongeza, yule akipunguza, ndugu wa tumbo moja wakatoka ofisini wakiwa wageni. Alieleza jinsi Waziri alivyokuwa hapati usingizi kwa kuwatafuta watu wake. Machozi yalimlenga, na hayakuwa ya bandia yote, kwa kuwa Bahasha alikuwa mtu wa kuguswa na maneno yake mwenyewe.

Mama Magodoro akafuata mistari kwa ncha ya kanda yake. "Na wewe ni huyu hapa? Wa nyumba ya kwanza?"

"Ndiye mimi, shangazi."

"Na una maandishi."

"Si hayo unayoyaona?"

"Naona, mwanangu. Naona vizuri sana." Akamtazama tena, safari hii kuanzia viatu. "Unaishi wapi?"

"Ghorofa za mtaa wa juu. Chumba na sebule."

"Choo?"

"Choo ndani."

"Choo ndani!" Mama Magodoro alilisema neno hilo kama watu wanavyosema amina. "Mke?"

"Bado."

"Watoto?"

"Bado, shangazi."

"Kwa hiyo nafasi ipo."

"Ipo tele." Bahasha akatabasamu kwa haya. Alidhani anatafutiwa mchumba, na moyoni akamhurumia mama wa watu kwa jinsi alivyonasa upesi.

Akamalizia kazi. Waziri anawaita wana ukoo nyumbani kwake, wageni ni wengi, vyumba vipo ila vitanda vitupu. Kila tawi linaleta mchango wake. Daktari ameleta dawa. Golikipa ameleta viti. Tawi la magodoro je? Hapana, yeye haombi. Ni aibu mtu kuomba kwa shangazi yake. Anauliza tu. Tena Waziri ni wa Ardhi, na yeye Bahasha ameona kwa macho yake jinsi duka lilivyobanwa, na kichochoro kile pembeni kimekaa bure, kinapitwa na paka.

"Mwanangu, umenigusa kidonda," Mama Magodoro akasema. "Duka ni langu, ua ni wangu, lakini stoo sina. Miaka kumi na moja magodoro yangu yanalala kwenye korido kama wagonjwa. Unataka mangapi?"

"Kumi na mawili yangetutoa aibu."

"Ya inchi nane?"

Bahasha alikuwa amekuja kutafuta ya inchi sita. "Ya nane yanafaa, shangazi."

"Utapata. Ila mambo ya ukoo hayafanywi kichochoroni. Njoo Ijumaa asubuhi na gari. Nitamwita mwenyekiti wa mtaa, autazame mti huu, aupige mhuri."

Mtu mwenye hofu ya kawaida angeaga hapo hapo na kutafuta duka jingine. Lakini kila fundi ana udhaifu wake, na wa Bahasha ulikuwa mihuri. Maisha yake yote alikuwa akiichonga kwa viazi na kandambili. Mhuri wa kweli, wenye wino wa kweli, unaopigwa na mkono wenye haki ya kuupiga, hakuwahi kuupata hata mara moja. Akauona mti wake umegongwa mhuri, akajiona nao mbele ya mlango wa daktari, kisha wa golikipa, kisha wa kila mwenye jina linalokaribiana na jina la mkubwa katika mji ule. Ukoo ungezaa kila mwezi.

"Ijumaa," akasema.

Ijumaa pikapu ikaegeshwa mbele ya duka, imeoshwa inang'aa. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa mezani, mzee mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Watu walijaa. Kinyozi alifunga duka lake akaja, na askari akaja naye, kwa kuwa hakuna aliyetaka kukosa kumwona jamaa wa Waziri akipakia magodoro. Mwenyekiti akausoma mti kwa sauti, jina kwa jina, watu sitini na wawili, na kila jina lilipotajwa watu waliitikia kwa kunong'ona. Bahasha akasimama kifua mbele. Mpaka wakati ule hakujua jinsi ilivyo tamu kusomewa babu zako hadharani, hata kama umewatunga mwenyewe.

"Unathibitisha kwamba wewe ni wa damu ya jina hili?" mwenyekiti akauliza.

"Nathibitisha."

"Mbele ya mashahidi?"

"Mbele ya Mungu na mashahidi."

Mhuri ukaanguka, pwaa. Bahasha alisikia raha mpaka kwenye magoti. Mwenyekiti akasogeza karatasi nyingine, nakala mbili. "Na hapa ni ya kupokea mali. Saini hapa, na hapa."

Bahasha akasaini, macho yakiwa bado kwenye wino wa bluu uliokuwa ukikauka. Watunga karatasi za uongo wana kasoro yao moja ya kushangaza: hawasomi karatasi za wenzao.

Vibarua wakapakia. Moja, mbili, mpaka kumi na mbili, yamefungwa kamba, yamesimama juu ya pikapu marefu kuliko duka. Bahasha akawa ameshashika mlango wa gari.

"Subiri, mwanangu," Mama Magodoro akasema. "Mzigo mmoja bado."

Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguliwa. Wakatoka vibarua wawili wamebeba kiti cha plastiki, na juu ya kiti ameketi bibi kizee mdogo kama furushi, kitambaa cheupe kichwani, mkoba mapajani, fimbo mkononi. Alikuwa akiwaelekeza vibarua kwa fimbo hiyo, kulia, kushoto, polepole nyie, mnabeba mtu si sponji.

"Huyu nani?" Bahasha akauliza.

"Unamuuliza nani? Bibi yako," Mama Magodoro akasema. "Mama yake mwenye duka wa zamani, yule mwenye jina lile pale juu. Mwanawe aliponiuzia duka alisema anakwenda kujipanga, atarudi kumchukua mama yake. Anajipanga mwaka wa kumi na moja sasa."

"Lakini shangazi, jina la kwenye bango si lako wewe?"

"Mimi? Jina lile lilikuja na duka, kama mlango na kufuli. Wateja walishalizoea, nikaliacha. Kwetu sisi tuna jina letu, na hata halikaribiani."

Watu wakacheka. Bahasha akacheka pia, kidogo, kwa adabu, huku akitafuta kwa macho upande ambao barabara ilikuwa wazi.

Mwenyekiti akainua karatasi ya zamani. "Mkataba wa mauzo huu, na shahidi nilikuwa mimi. Unasema hivi: bibi atakaa chumba cha nyuma, na mnunuzi hataruhusiwa kumtoa, mpaka atakapokuja ndugu wa damu wa jina hilo, mwenye makazi, akathibitisha kwa maandishi. Leo amekuja." Akainua ile nyingine, mpya. "Na hii uliyosaini inasema umempokea, pamoja na magodoro kumi na mawili, mali yake bibi, yasiuzwe wala kuazimwa. Nitapita kukagua kila mwezi."

"Mwenyekiti," Bahasha akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikamkatikia, "unajua, mambo ya ukoo, mtu anaweza kukosea. Mstari mmoja tu ukipinda..."

"Hapa pana mawili," mwenyekiti akasema bila ugomvi. "Ama wewe ni mjukuu wa ukoo huu, ama umeghushi na kuapa uongo mbele yangu. Nikuandike lipi?"

Askari akasogea hatua moja. Alikuwa amenyolewa vizuri siku hiyo. Bahasha akamtazama, akautazama mhuri, akamtazama bibi kizee, ambaye naye alikuwa akimtazama yeye jinsi mtu anavyokagua embe sokoni.

"Mjukuu," akasema.

Watu wakapiga makofi. Kinyozi akafuta machozi kwa taulo la kazini. Mama Magodoro akaja karibu, akamrekebishia kola kama shangazi wa kweli, akamwambia taratibu, "Undugu ni kufaana, mwanangu, si kufanana. Na wewe umenifaa." Kisha akawageukia vibarua wake na kuwaambia wasogeze magodoro ya korido yote kwenye chumba cha nyuma, upesi, kabla hakijapoa.

Pikapu ikaondoka na bibi amekaa mbele, fimbo katikati ya magoti. Bahasha alikuwa akipiga hesabu za wapi mtu anaweza kumshusha mzee mchana kweupe asionekane na mtu. Hospitali? Kuna mapokezi. Stendi? Kuna askari.

"Usijisumbue," bibi akasema. "Kelele zangu ni kubwa, na jina lako lote nimelisikia likisomwa."

"Bibi, sikufikiria lolote."

"Ulifikiria hospitali. Wote huanza na hospitali." Akapangusa kioo kwa kiganja ili aone nje vizuri. "Tena najua wewe si wa kwetu."

Bahasha nusura apande juu ya njia ya waenda kwa miguu. "Umejuaje?"

"Ulikuja."

Taa zikawa nyekundu, wakasimama. Bibi akaongea kwa utulivu, kama anayesimulia habari za majirani.

"Yule Waziri wako ni mtoto wa mdogo wake marehemu mume wangu. Nimemwogesha kwa mikono hii. Alipopata ofisi ya kwanza alibadilisha mwisho wa jina, barua zetu zisimfikie. Alikata jina kama mjusi anavyokata mkia, akatuachia mkia tucheze nao. Daktari naye vivyo hivyo, akakata pengine. Golikipa simjui, huyo labda amefanana tu. Mwanangu wa kumzaa ndiye huyo anayejipanga. Wote wana magari mazuri kuliko hili lako. Hakuna aliyegeuza usukani. Nikakaa nyuma ya magodoro miaka kumi na moja, nikamwambia mwenye duka: akija mtu kunidai, hata mwongo, mpe."

"Alikwambia mimi ni mwongo?"

"Niliambiwa una choo ndani. Hilo lilinitosha."

Bahasha, mradi ni Bahasha, akaona mwanga. Kumbe nusu ya mti wake ilikuwa kweli! Basi ageuze gari, ampeleke bibi kwa Waziri, aeleze, adai. "Bibi, twende kwake sasa hivi. Aone aibu."

"Nimekwenda mara tatu. Mara ya tatu mlinzi alinipa kiti na maji. Yule mlinzi mtu mwema sana. Aibu haikai kwenye nyumba zile, mjukuu wangu, haina pa kulala. Taa hiyo imekuwa kijani."

Walipofika, hapakuwa na lifti, kulikuwa na ngazi. Bahasha akachuchumaa, bibi akapanda mgongoni, mkoba ukining'inia shingoni mwa mbebaji. Ghorofa ya pili akapumzika. Ghorofa ya tatu fundi cherehani alitoa kichwa mlangoni; miaka yote hajawahi kumwona jirani huyu na mgeni.

"Bwana Bahasha, huyo nani tena?"

Bahasha akafungua mdomo. Uongo wa kila saizi ulikuwamo, tayari kwa matumizi, lakini pumzi hakuwa nayo ya kuuchagua.

"Bibi yangu."

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba, mwanangu. Tumehamia hapo juu."

Akamfikisha, akamkalisha kwenye kochi. Bibi akatazama chumba, akatazama sebule, akaomba aonyeshwe choo, akakisifu. Kisha akafungua mkoba, akatoa simu ndogo ya vitufe na daftari lililochanika pembe, akavaa miwani.

"Unampigia nani, bibi?"

"Ndugu zetu. Wale wasiokata majina. Walikuwa wakinitembelea dukani mpaka yule mama akawafukuza, walikuwa wakikalia magodoro yake mapya. Kunichukua walitaka, masikini, ila wanalala wanane chumba kimoja." Akabonyeza namba ya kwanza, taratibu, akiisoma kwa kidole. "Sasa wana pa kufikia. Na magodoro yapo. Kumi na mawili ukiyatandika vizuri, mpaka koridoni, watalala watu ishirini na wanne bila kubanana."

Bahasha akakaa chini sakafuni, maana kochi lilikuwa na mwenyewe. "Wako wangapi, bibi?"

Bibi akaweka simu sikioni, akasubiri iite.

"Mti wako niliusikia ukisomwa," akasema. "Uliandika sitini na wawili. Umewaacha wengi."